Jinsi nilivyoizima taa ya njano ya paneli ya moto

Nilipokabidhiwa uangalizi wa umeme katika jengo la ghorofa sita, paneli ya kengele za moto karibu na mlango mkuu ilikuwa ikiwaka taa ya njano, na mlinzi wa zamu akanionyesha kwa moyo mweupe kitufe cha kunyamazisha mlio wake: "Ikianza kelele, bosi, bonyeza hapa, itatulia." Kitufe chenyewe kilikuwa kimebonyezwa hadi maandishi yake yakafutika, ilhali daftari la kumbukumbu lililoning'inia kando lilikuwa na kurasa tupu za zaidi ya mwaka mzima.

Taa nyekundu hutangaza moto. Ya njano hutangaza kwamba mfumo wenyewe unaumwa. Kioo cha paneli kilitaja maradhi mawili: betri na hitilafu ya athi, yaani umeme kuvuja kwenda ardhini.

Nilianza na betri kwa kuwa hilo lilikuwa jepesi. Paneli ile hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, na chaja inapokuwa kazini mita husoma volti 27 na ushei. Kipimo hicho kimewapumbaza mafundi wengi, maana hata betri iliyochoka huweza kukionyesha maadamu chaja ipo. Kwa hiyo nilikata umeme wa kawaida nikaiacha paneli ijitegemee, na haikutimia saa moja kabla ya volti kushuka chini ya 21. Kiwango cha Uingereza cha BS 5839-1 kwa kawaida hutaka betri ziubebe mfumo kwa saa 24 za kusubiri, kisha zibakiwe na nguvu ya kupiga ving'ora kwa nusu saa. Nilibadilisha zote mbili kwa pamoja, kwa sababu betri mpya ikifungwa na kuukuu huharibika mapema, nikaandika tarehe juu ya kila moja.

Hitilafu ya athi ndiyo iliyonitoa jasho. Katika paneli ile, waya chanya na waya hasi hazitakiwi kugusana na athi popote. Mmoja ukivuja, mfumo huweza kuendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna neno, lakini ukija kuvuja na wa pili, fyuzi inaweza kukatika na sehemu ya jengo ikabaki bila ulinzi. Nilipima kati ya kila waya na bodi ya chuma ya paneli: hasi ilisoma karibu sifuri na chanya ikasoma karibu volti zote, kwa hiyo nikajua kwamba anayevuja ni hasi. Hata hivyo, kila nilipokuja mchana na vifaa vyangu, hitilafu ilikuwa imekwisha toweka.

Hapo ndipo nilipolirudia daftari. Niliwaomba walinzi waandike saa kamili kabla ya kubonyeza kile kitufe, na baada ya siku tisa mpangilio ukajitokeza: hitilafu ilianza karibu saa moja asubuhi na kuondoka kabla ya adhuhuri, isipokuwa Jumapili, ambapo haikuonekana kabisa. Unyevu wa hewa haujui Jumapili, nikajiambia. Huyu ni mtu.

Asubuhi iliyofuata niliwahi kabla ya jua, nikawaarifu wakazi na kituo kinachopokea ishara zetu, kisha nikasubiri. Taa ilipowaka nilianza kuchomoa saketi za kanda moja baada ya nyingine, na ilipotoka ya maegesho ya chini, hitilafu ikafutika. Wapo wanaokimbilia mega, kifaa cha kupima uvujaji wa waya kwa volti kubwa, katika hatua hii, lakini volti 500 za kifaa hicho huweza kuua vitambuzi vilivyobaki kwenye waya, kwa hiyo niliigawa saketi katikati, nikaendelea kugawa nusu yenye ubovu, hadi nikafika kwenye kitufe cha dharura kando ya mlango wa kutokea. Ukuta ulikuwa umelowa. Msafishaji alikuwa akiuosha kwa mpira wa maji kila siku ya kazi, na maji yaliingia kupitia tundu la waya ambalo halikuzibwa, yakatuama ndani ya boksi la chuma hadi joto la mchana lilipoyakausha.

Nilikata ncha za waya zilizoota kutu, nikafunga kitufe kipya chenye boksi lisilopitisha maji, nikaingiza waya kutokea chini, na msafishaji akakubali kutumia ndoo na kitambaa upande ule. Kisha nilizima umeme wa paneli jioni nikauacha mfumo ulale kwenye betri. Asubuhi mita ilisoma zaidi ya volti 24. Niliposukuma kitufe kile kipya, ving'ora vya ghorofa zote vililia, na mlinzi akawa wa kwanza kulifungua daftari ili aandike saa.