Siku ya kumwaga zege, saa kwa saa

Saa 11 alfajiri. Akili imeamka, mwili bado. Vidole vya mkono wa kulia vimejikunja kana kwamba vimelala na mpini wa beleshi, navinyoosha kimoja kimoja mpaka vikubali.

Saa 12 asubuhi. Getini tumejaa kuliko nafasi zilizopo. Msimamizi anachagua kwa macho, wenye mabega mapana kwanza. Mimi mabega sina, ila fundi ananijua. Anayeamini watu wamechoka kufanya kazi ngumu aje asimame hapa saa hii aone wanavyosukumana.

Saa 1. Leo ni slabu, yaani sakafu ya zege ya juu. Saruji ikishakutana na maji, hakuna tena kusema ngoja kwanza. Ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto, geuza, geuza tena, kisha maji.

Saa 2 hadi saa 4. Kubeba. Kuna dogo mgeni, kifua kipana, anajaza ndoo mpaka mdomoni na kupanda ngazi mbio. Watu wanamshangilia. Sasa, ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Ikijaa zege inakaribia 48. Wazoefu tunajaza nusu na kidogo, tunatembea, hatukimbii. Kufikia saa 4 dogo amekaa juu ya tofali, mapaja yanamtetemeka. Angepita mtu wakati huo angesema, "Tazama mvivu yule." Yule ndiye aliyebeba kuliko sisi wote asubuhi nzima, ila hakuna aliyemwambia kwamba siku ni ndefu.

Saa 5. Hapa ndipo uvivu wenyewe hujificha, na wala haujakaa chini. Zege zito linachosha mikono, kwa hiyo kuna mtu atapiga kelele, "Ongeza maji!" Ukiongeza, beleshi linateleza lenyewe, kazi inakwenda, na kila mtu anaonekana mchapakazi. Lakini maji yaliyozidi yakikauka huacha vitundu ndani, na zege linakuwa dhaifu kwa maisha yake yote. Anayesimamia pipa leo ni mzee mmoja mwembamba. Hatoi jasho jingi. Anatukanwa, anatabasamu, haongezi hata kopo. Ningekuwa mimi ndiye msimamizi, huyo ningemlipa wa kwanza.

Saa 7. Tunakula kimya. Kabla ya hapo ni kunawa vizuri hadi katikati ya vidole, maana saruji mbichi inaunguza ngozi polepole bila wewe kujua. Mwenzangu buti lake limetoboka. Kifundo cha mguu kimeshakuwa chekundu.

Saa 8. Mwenye nyumba kaja na mgeni wake. Mgeni ananiuliza kwa heshima kabisa, "Naona kaka unaipenda sana kazi hii." Namjibu siipendi. Anacheka, anadhani natania. Kuipenda siipendi, ila niko radhi kuifanya, na kuifanya sawasawa, ilimradi jioni nilipwe. Sijui kwa nini wenye mikono safi wanataka tuipende pia.

Saa 10. Slabu imejaa, fundi anasawazisha. Sasa kuosha mabeleshi, makarai na toroli kabla zege halijagandia. Nusu ya watu wametoweka ghafla. Dogo wa asubuhi amebaki, anasugua karai taratibu, hasemi kitu.

Saa 11 jioni. Malipo. Msimamizi anataka kutupa nusu leo, nusu kesho. Mabishano. Mzee wa pipa anakaa chini getini, anasema hana haraka, na sote tunakaa naye. Tunalipwa zote.

Kesho slabu itaanza kumwagiliwa maji, siku 7, isikauke haraka. Mtu mmoja na mpira wa maji, kivulini. Nimeshamwambia fundi aandike jina langu.