Karani wa benki aliyechapa picha kwa mashine ya kukamulia nguo

Jamani nimepotea humu, najua, mwisho wa mwezi ulinikamata, ila wiki mbili hizi kuna mzee mmoja wa Scotland kaniganda kichwani na nisipomwandika sitalala. Anaitwa James McBey. Kafariki zamani, 1959, tena kafia Tangier huko Morocco, kwahiyo msianze kumtafuta Insta.

McBey kazaliwa 1883 karibu na Newburgh, kijiji cha Aberdeenshire kule pwani ya kaskazini mashariki. Mama hakuwa ameolewa, kalelewa nyumbani kwa bibi, na mama mwenyewe macho yalikuwa yanaisha taratibu. Alipofika miaka 15 akaingia benki Aberdeen, ukarani, kutwa kuandika hesabu za watu. Na mimi nahesabu hela za watu kwahiyo hapo nikavuta kiti.

Sasa huyu kijana alikuwa anapenda kuchora na hana mwalimu. Akaenda maktaba ya mji akaazima kitabu cha Mfaransa mmoja, Maxime Lalanne, kinachofundisha kuchapa picha kwa bamba la kopa na asidi. Nieleze kidogo maana mimi mwenyewe nilidhani ni kuchonga tu kama mhuri, kumbe hapana. Unachukua bamba la kopa (ndio hiyohiyo wanayoisaka vijana wa skrepa), unalipaka nta nyembamba, halafu unachora kwa sindano yani unakwangua nta tu, mkono unateleza kama unaandika kwenye vumbi la gari. Ukimaliza unalizamisha kwenye asidi na asidi inakula pale ulipokwangua, ukiliacha kidogo mstari mwembamba, ukiliacha sana mstari mzito. Unatoa nta, unasugua wino uingie kwenye vimifereji, unafuta wa juu, unalaza karatasi iliyoloweshwa na unapitisha vyote kwenye mashine ya roli mbili zinazobana kwelikweli ndio karatasi inyonye ule wino.

Mashine hiyo karani wa benki angeipata wapi? Akatumia ile ya kukamulia nguo, ya kizamani, roli mbili na mkono wa kuzungusha. Ya nyumbani! Hapo nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka dada wa pembeni akanitazama.

Na ndipo nikapata wazo la kijinga. Roli mbili na mkono wa kuzungusha, si ndio mashine ya miwa? Jumamosi nikakata kopo la soda, nikalinyoosha, nikachora boti kwa msumari (asidi naogopa, nikakwangua bati lenyewe moja kwa moja), nikapaka wino, nikaenda kwa jamaa wa juisi ya miwa pale kituoni. Akaniangalia. "Kaka, hii inakamua miwa." Nikamwambia nitalipa glasi mbili. Tukapitisha. Asikudanganye mtu, roli za miwa zina mifereji! Boti langu likatoka na mistari minene kama limefungwa jela, karatasi imelowa juisi, nyuki wanaifuata, na jina langu nililoandika chini kwa maringo limetoka kinyumenyume, maana chochote unachochora kwenye bamba kinageuka. Jamaa akasema boti ni zuri ila ni la nchi gani.

Turudi kwa mzee. 1906 alirudi nyumbani akakuta mama yake amejiua. Nimeandika sentensi hiyo moja na sitaongeza. Aliendelea na benki miaka kama minne hivi, halafu 1910 akaacha kazi, ana miaka 26, akaenda Uholanzi kwa sababu Rembrandt, yule mchoraji wa kale wa huko, ndio alikuwa mtu wake. Mwaka uliofuata akahamia London, maonyesho yakamkubali, na 1912 akaonja Morocco kwa mara ya kwanza.

Vita ya kwanza ilipokuja akaishia kitengo cha uchapaji cha jeshi huko Ufaransa, na 1917 wakampeleka Misri na Palestina kama mchoraji rasmi wa jeshi. Kafika mpaka Dameski, Syria, Oktoba 1918, kamchora hadi yule Lawrence wa Arabuni, afisa Mwingereza aliyepigana bega kwa bega na Waarabu. Lakini mimi picha yangu ni moja, aliichapa 1919: alfajiri, doria ya ngamia inatoka kuingia jangwani. Nimeikuza kwenye simu mpaka ikapasuka vidoti. Askari wachache tu juu ya ngamia, na mchanga, na mchanga wenyewe HAKUUCHORA. Kaacha karatasi tupu halafu wewe mwenyewe unahisi joto linakuja. Watu wengi wangejaza vidoti na mawimbi ya mchanga ili waonekane wamefanya kazi. Mimi ningejaza, najijua.

Miaka ya 20 picha za aina hii zilikuwa kama viwanja Kigamboni, watu wananunua ili wauze. 1929 soko la hisa Marekani likaanguka na bei za picha nazo zikaenda nalo. Yeye 1931 akaoa Mmarekani, Marguerite Loeb, wakanunua nyumba Tangier, vita ya pili ikawakuta Marekani na 1942 akachukua uraia wa huko, halafu wakarudi zao Morocco mpaka mwisho wake.

Lile boti la jela jamaa wa miwa aliliomba. Kalibandika kwenye mkokoteni wake juu ya ndoo ya ndimu, na jana nimepita nikamkuta mteja kainamisha shingo anajaribu kusoma jina langu.