Siku 25 za kuokoa karatasi za mke wangu, na mtoto aliyekuwa ameshachelewa

Ijumaa ya tarehe 19 Aprili 2024 mke wangu alikwenda kuhuisha leseni yake ya udereva hapa Dallas. Akanipigia simu akiwa bado amesimama dirishani. "Baba, huyu dada anasema muda wangu wa kukaa nchini unaisha tarehe 14 Mei. Mwezi ujao." Nikamwambia amwonyeshe visa, maana visa inasema Septemba 2025. Akasema ameshaionyesha. Yule dada aligeuza kioo cha kompyuta ili mke wangu asome mwenyewe: I-94, 14 Mei 2024.

Hapo ndipo zilipoanza siku 25 ambazo sitazisahau. Naziandika kwa sababu nina hasira na baadhi ya ushauri niliopewa, na kwa sababu najua kuna familia sasa hivi zimekaa na tarehe kama hiyo bila kujua.

Visa iliyobandikwa kwenye pasipoti inakufikisha mpakani tu. Muda wa kukaa ndani ya Marekani anaupanga ofisa wa CBP, idara ya forodha na ulinzi wa mpaka, siku unapoingia, na kumbukumbu yake ndiyo I-94. Ukiingia kwa ndege siku hizi hupewi karatasi. Iko kwenye tovuti yao, unaingiza jina na namba ya pasipoti, unaiona bure, dakika mbili. Mimi nina H-1B, ya kazi, mke na watoto wako kwenye H-4, ya familia ya mwenye H-1B. Agosti 2023 mke wangu na mtoto wetu mdogo walikwenda Tanzania msibani. Walipokuwa wanarudi, pasipoti ya mke wangu ilikuwa imebakiza miezi tisa, na kwa kawaida ofisa hampi mtu muda unaopita uhai wa pasipoti yake. Kwa hiyo badala ya Septemba 2025 kama mimi, akapewa 14 Mei 2024. Desemba tukaomba pasipoti mpya kupitia ubalozi wetu Washington, zikaja, tukafurahi, tukaziweka kabatini. Pasipoti mpya haibadilishi I-94 ya zamani. Sentensi hiyo ningeambiwa mapema ningelala vizuri mwaka mzima.

Jioni ile nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akanijibu kwa sauti: "Kijana wangu, nina miaka 22 nchi hii, sijawahi kuulizwa hiyo I-94. Visa ndiyo visa. Lala." Nikamwitikia, "Ahsante, Mzee," na usiku ule nikalala kweli. Lakini Mzee ni raia wa Marekani tangu zamani, nani angemuuliza I-94? Simlaumu, alitaka kunituliza. Ila kwenye mambo haya, kabla hujashika neno la mtu, mwulize kwanza yeye mwenyewe aliingia kwa njia gani.

Jumatatu nikaenda kwa wakala. Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wetu tunaanzia hapa.

Ofisi yake inafanya kodi, tafsiri za vyeti, kutuma fedha, na ukutani ameandika pia uhamiaji. Ana muhuri wa nothari, mkubwa, anaugonga kwa nguvu. Alinisikiliza kama dakika tano, akasema nisijali, atajaza fomu I-539 ya kumwombea mke wangu hadhi ya mtalii, B-2, "kununua muda", halafu baadaye tutarudi kwenye H-4. Alitaka dola mia tatu zake, na dola 370 za serikali. Nikalipa zake. Aliponipa fomu nikaisoma yote palepale, mezani kwake, mstari kwa mstari. Mwishoni kuna sehemu ya mtu aliyetayarisha fomu kwa niaba ya mwombaji: jina, anuani, sahihi. Ilikuwa tupu. Nikamwomba asaini. Akasema hapo huwa hapajazwi, mke wangu asaini tu kwamba kajaza mwenyewe. Nikamwuliza mara ya pili. Akaanza kukusanya karatasi zake.

Mtu aliyekujazia fomu akikataa kuandika jina lake, simama uondoke. Baadaye ndipo nilipojua ubaya wote wa karatasi ile. Kwanza, mke wangu hakuhitaji kuwa mtalii hata kidogo. Alikuwa na haki ya kuongezewa H-4 ileile kwa sababu kibali changu kilikuwa hai. Kuomba B-2 kungemtoa kwenye hadhi yake bila sababu yoyote. Pili, ada zilikuwa zimepanda tangu tarehe 1 Aprili mwaka huohuo: I-539 ya karatasi ilikuwa imefika dola 470. Tungetuma 370, bahasha nzima ingerudishwa, na sisi hatukuwa na wiki za kupoteza kwenye posta. Tatu, Marekani nothari ni mtu wa kushuhudia sahihi tu. Anayeruhusiwa kukushauri kisheria juu ya uhamiaji ni wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyethibitishwa na Wizara ya Sheria anayefanya kazi chini ya shirika linalotambuliwa na wizara hiyohiyo. Majina ya wawakilishi hao yako wazi mtandaoni. Zile dola mia tatu sijarudishiwa mpaka leo.

Nikamwandikia wakili wa kampuni yetu, aliyeshughulikia H-1B yangu. Alijibu siku ya pili, kwa adabu: ombi lile, I-129, ni la mwajiri, mwajiri ndiye aliyelipa, na mkataba wake haukuhusu familia yangu. Miaka yote mimi nilikuwa najua nina wakili. Kumbe mwenye wakili alikuwa mwajiri. Wewe unayeanza kazi mpya uliza siku ya kwanza: familia yangu imo au haimo? Upate jibu kwa maandishi.

Jumatano tukaenda kwenye ofisi ya CBP inayorekebisha makosa ya I-94. Ofisa alikuwa mtu mzuri, alitazama kumbukumbu, akatueleza kwamba wao hurekebisha pale ofisa wa uwanja wa ndege alipokosea, jina likakosewa au aina ya visa. Hapa hakuna aliyekosea, tarehe ilifuata pasipoti. Tukarudi nyumbani mikono mitupu, na siku 20 zimebaki.

Usiku huo shemeji yangu akaja na wazo, na wazo lenyewe lilikuwa tamu. Visa ya mke wangu bado hai hadi 2025, pasipoti mpya anayo. Basi tuendeshe gari hadi Laredo, tuvuke kuingia Mexico, tunywe chai, turudi, na akirudi mpakani aombe I-94 mpya. Mwenye visa hai ya Marekani Mexico haimdai visa yao. Kuna watu wamefanya hivyo wakafanikiwa. Mimi nilikubali mara moja. Saa saba za barabara si kitu. Tukapanga kuondoka Jumamosi alfajiri, familia nzima. Watoto wakafurahi kwamba ni safari. Ijumaa mchana mabegi yalikuwa tayari mlangoni.

Kitu kimoja tu kilituokoa. Dada mmoja nesi tunayesali naye alikuwa amemwambia mke wangu, "Mdogo wangu, kabla hujavuka mpaka wowote, mlipe wakili wa kweli saa moja tu." Akatupa jina. Mke wangu akapiga simu, akapata nafasi Ijumaa saa tisa alasiri. Mimi niliona ni kupoteza hela. Kabla ya kwenda nikalitafuta lile jina kwenye orodha ya chama cha mawakili cha jimbo lake: leseni hai, hana adhabu. Leseni yake ilikuwa ya jimbo lingine kabisa, nikaingiwa na shaka, lakini sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho na wakili mwenye leseni ya jimbo lolote anaweza kuifanyia kazi popote nchini. Ushauri ulikuwa kama dola mia mbili na kidogo.

Yule mama wakili hakuuliza habari ya visa. Alisema: nipeni namba za pasipoti za wote wanne. Akafungua I-94 moja baada ya nyingine mbele yetu. Yangu, sawa. Ya binti yetu mkubwa ambaye hakusafiri, sawa. Ya mke wangu, 14 Mei. Ya mdogo wetu wa miaka sita, akaitazama, akanyamaza, akaandika tarehe kwenye karatasi ya njano na kuisukuma upande wetu.

12 Aprili 2024.

Mtoto wangu alikuwa amepitiliza siku 14. Pasipoti yake ya zamani iliisha kabla ya ya mama yake, kwa hiyo na muda wake ulikatwa mapema zaidi. Sisi muda wote tulikuwa tunahangaikia mtu mmoja.

Nikamweleza habari ya Laredo. Akaweka kalamu chini. Ukipitiliza tarehe ya I-94, hata kwa siku moja, visa iliyoko kwenye pasipoti inabatilika yenyewe. "Kesho mkeo angepokelewa," alisema, "huyu mdogo asingepokelewa." Mke wangu alishika mkono wangu chini ya meza akaubana mpaka ukauma. Mabegi yalikuwa mlangoni, jamani. Tungekuwa upande wa pili wa daraja na mtoto wa miaka sita mwenye visa iliyokufa, tukianza kutafuta ubalozi.

Akatuambia na lililo jema: aliye chini ya miaka 18 hahesabiwi zile siku za ukaaji usio halali, ambazo kwa mtu mzima zikizidi 180 kisha akatoka, zinamfungia mlango miaka mitatu, na zikifika mwaka, miaka kumi. Na kanuni zinairuhusu USCIS, idara inayoamua maombi ya uhamiaji, kusamehe ombi lililochelewa kama kulikuwa na mazingira yasiyo ya kawaida, ucheleweshaji unalingana na mazingira hayo, na mwombaji hana kosa jingine. Si haki yako, ni hiari yao. Lakini mlango upo.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachokisimulia kila mahali. Kwa kawaida mama na watoto huombewa pamoja kwenye I-539 moja, mtoto anaongezwa kwa fomu I-539A, ada moja. Yeye akakataa. Aliandaa maombi mawili, bahasha mbili, ada mbili. Ombi la mama lilikuwa ndani ya muda na safi kabisa, hakutaka liguswe na swali la mtoto. Kama la mtoto lingekwama, la mama lingesonga. Nililipa hiyo dola 470 ya pili bila kunung'unika.

Kwa ombi la mtoto aliuliza kilichotokea mwezi ule. Nilikuwa nimelazwa kuanzia tarehe 2 hadi 11 Aprili, kidole tumbo kilipasuka. Nikashika hapo, nikamwambia aandike kwamba tulikuwa tunaijua tarehe, ila ugonjwa ukatuzuia. Akanitazama. "Mlikuwa mnaijua?" Hapana. "Basi hatuandiki hivyo." Barua aliyoandika ilisema ukweli wote: tarehe ilikatwa kwa ajili ya pasipoti, visa na kibali cha baba vyote vinasema Septemba 2025, pasipoti mpya ilishachukuliwa, baba alikuwa amelazwa juma lilelile, na familia ilituma ombi siku saba baada ya kugundua. Nyuma yake akaambatisha barua ya hospitali, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa, hati yangu ya mshahara, na I-797 yangu, yaani taarifa ya kukubaliwa kwa H-1B. Na mbele kabisa, juu ya fomu zote, G-28, fomu inayosema yeye ndiye wakili na hii ndiyo sahihi yake. Nikakumbuka ile sehemu tupu ya wakala.

Bahasha ziliondoka Ijumaa ya tarehe 3 Mei. Gharama yake yote, pamoja na ada, ilikuwa pungufu kidogo ya elfu mbili na mia tano.

Kusubiri sitakueleza sana. Malipo ya kuharakisha hayapo kwa H-4 ukiomba kwa I-539. Risiti ya mama ikionyesha ombi liliingia kabla ya 14 Mei, aliruhusiwa kukaa akisubiri. Wakili alituonya asisafiri hata msiba ukitokea, na tukamshukuru Mungu haukutokea. Ya mama ilijibiwa Oktoba. Ya mtoto, Septemba walituma barua kuomba ushahidi zaidi wa siku nilizolazwa. Tukapeleka kumbukumbu za hospitali, kurasa 31. Tarehe 9 Desemba bahasha ikaja, mke wangu akaifungua akiwa amesimama jikoni na hakuweza kusoma, akanipa mimi. Imekubaliwa, hadi Septemba 2025, sawa na baba yake. Chini ya ile I-797 pana kipande cha kukata, hicho ndicho I-94 mpya. Nilikikata kwa mkasi, taratibu, nikifuata mstari.

Mwaka 2025 mwajiri aliponiombea miaka mitatu mingine, sikusubiri kuuliza. Nilimlipa yule mama wakili aandae I-539 za familia siku ileile. Na pasipoti tunazifunga mbilimbili kwa mpira, ya zamani yenye visa na mpya, na juu ya kila jozi mke wangu amebandika kikaratasi chenye tarehe ya I-94 kwa wino mwekundu. Ya mdogo ameiandika kubwa kuliko zote.