Wale wawili wa kijani

Leo asubuhi nimekaa tena bustani ya mtaani, jua bado halijachangamka, na nimeona kitu ambacho miaka yote nakipita tu. Lile kundi la ndege wa siku zote, wakaazi, lilikuwa linapita mti kwa mti wakiitana, na katikati yao kulikuwa na wawili wadogo wa kijani kilichofifia ambao si wa hapa, wahamaji, wanafuata nyuma, wenyeji wakihama mti nao wanahama. Kumbe ndo kawaida, mhamaji akitua alfajiri sehemu asiyoijua mara nyingi anajiunga na wakaazi maana wao wanajua wadudu walipo na wakimuona kipanga wanapiga kelele mapema. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila kwa ndege naona mwenyeji ndo anamponya mgeni.

Hebu fikiria, ndege wa gramu 10 hivi karuka usiku kucha, mafuta ya mwilini yameisha, chini ni mabati na lami, halafu anaona kipande cha miti. Huyo hatafuti pa kutaga, anataka siku chache tu ale viwavi, ajifiche, anenepe tena aondoke. Mkaazi yeye anataka mwaka mzima, tundu kwenye mti mkavu, maji, matunda wadudu wakipungua, na akiwa na makinda ni wadudu tena, hata wala mbegu wengi huwalisha makinda yao wadudu.

Sasa kinachoniuma, wiki iliyopita wanaotunza bustani wamefyeka kona yote ya nyuma, vichaka chini, majani makavu yamezolewa, ule mti mkavu nao wameukata, imebaki nyasi fupi. Watu wanasema pamependeza. Nimekaa pale robo saa nimeona njiwa watatu basi, na juzi tu kulikuwa na kelele za kila aina. Nyasi fupi zina ndege wake sikatai, lakini hawa wanaojificha vichakani waende wapi?

Nimewaandikia kuomba upande uliobaki wasiuguse mpaka msimu wa kuhama upite, na usiku wazime ile taa kubwa maana mwanga unawavuta wanaosafiri gizani wanaishia kujigonga kwenye vioo. Bado sijajibiwa, nitawafuata wenyewe.

Usiku huu anga iko wazi kabisa, huenda wale wawili wakaondoka, kesho nawahi nikaangalie.