Mwandiko wa mama

Mama alianza kukesha usiku na kusinzia mchana. Nilidhani ni mawazo, maana alikuwa ameambiwa ini lake limejaa makovu, yaani sirosisi. Nikampa kidonge cha usingizi. Asubuhi hakujua yuko wapi. Aliniita kwa jina la dada yake, na aliponyoosha mikono viganja vikawa vinapigapiga kama mbawa.

Hospitalini ndipo nilipoelezwa. Damu itokayo matumboni hupita kwanza kwenye ini ili isafishwe. Ini likikakamaa, shinikizo hupanda kwenye mshipa unaoileta, nayo damu hutafuta njia za pembeni. Kwa njia hizo, amonia, sumu inayotokana na bakteria wa utumbo, hufika kwenye ubongo bila kuchujwa. Mishipa hiyo ya pembeni ikivimba kwenye umio, inaweza hata kupasuka. Dawa ya usingizi huulemea zaidi ubongo ambao tayari umelemewa. Kidonge kile kinaniuma mpaka leo.

Tulirudi nyumbani na laktulosi, dawa ya maji inayolainisha choo na kusaidia kutoa amonia mwilini. Kipimo chake hasa si vijiko, ni choo: laini, mara 2 au 3 kwa siku. Akipata pungufu niliongeza kama nilivyoelekezwa. Akiharisha nilipunguza, kwa sababu kuishiwa maji mwilini nako humvuruga akili. Mama aliona haya kuulizwa na mwanawe mambo ya chooni, basi nikampa daftari aweke alama mwenyewe. Kila asubuhi aliandika pia jina lake na tarehe.

Daftari hilo ndilo lililotuokoa. Siku moja alizungumza vizuri tu, lakini herufi zilipanda na kushuka, na tarehe akairudia mara mbili. Sikungoja. Kumbe maji yaliyojaa tumboni yalikuwa yameingiwa na maambukizi. Alitibiwa, akili ikarejea.

Ndugu walinisihi nimnyime nyama na maharage. Daktari alikataa kabisa: misuli nayo husaidia kuondoa amonia, na mgonjwa akikonda anazidi kudhoofika. Sasa anakula kidogo kidogo, na hapandi kitandani bila kutia kitu tumboni.

Leo ameandika jina lake, la baba yake na la babu yake, mstari umenyooka. Chini yake, alama mbili.