Mgomo wa Kitandani

Mwaka 2014 nilikuwa mlinzi Dubai, kambini Al Quoz, watu wanane chumba kimoja kwenye vitanda vya dabodeka. Mshahara ulikuwa umekwama kwa mwezi wa pili mfululizo. Simu za nyumbani hazikatiki: karo, kodi ya nyumba, deni la ajenti.

Usiku mmoja Wakenya na Waganda tukakutana jikoni, tukaafikiana kesho hapandi mtu basi. Tukapanga kama tunavyopanga kwetu: huyu ataongoza nyimbo, huyu atasema na meneja. Msemaji tuliyemchagua, aliyewahi kuwa mwalimu, akatukariria Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010, kinachompa mfanyakazi haki ya kugoma, utadhani katiba ya Kenya ilipanda ndege pamoja nasi. Falme za Kiarabu hazina vyama vya wafanyakazi, na ukigoma unaweza kurudishwa kwenu. Tulilijua hilo. Lakini mimi ni mtoto wa Mombasa, babu yangu alikuwa kuli Kilindini, na nimekua nikisikia habari za mgomo wa Januari 1947, bandari iliposimama na watu wakafurika Kiwanja cha Maskini kuhutubiwa. Mgomo usio na mkutano sikuujua.

Saa kumi alfajiri mabasi yakaja. Tukatoka uani na "Haki yetu!", sufuria zinapigwa vijiko. Matawi ya kupunga tungeyatoa wapi? Al Quoz ni magodauni na vumbi. Wanepali na Wahindi, ambao ndio wengi kambini, hakutoka hata mmoja. Milango imefungwa, taa zimezimwa. Jamaa mmoja wetu akatema mate: "Waoga hawa."

Kumbe hakuna aliyepanda basi pia. Walikuwa wamegoma kabla yetu, chini ya blanketi. Madereva, Wapakistani, wakafungua boneti wakasema injini zina hitilafu. Mabasi yote, asubuhi moja!

Mnepali mmoja wa makamo wa chumbani kwetu, tuliyemwita Dai kama wenzake walivyomwita, akanivuta mkono. "Ingia ulale. Meneja akija akute wagonjwa."

Meneja alifika saa mbili. "Kiongozi wenu nani?" Alipita chumba kwa chumba, kila mtu ana homa. Uani akamkuta mwalimu wetu, ambaye alijitambulisha kwa jina kamili na kumwonyesha bataka yake, yaani kitambulisho.

Wamisri nao walikuwa na njia yao. Walibeba makaratasi kwenye mafaili wakaenda Wizara ya Kazi, kila mtu na shauri lake. Kiarabu ni chao. Wanaweza kugombana na karani kisha wakanywa naye chai. Tangu 2009 serikali hufuatilia mishahara kupitia benki, na mimi naamini mafaili yale ndiyo yaliyomtia meneja tumbo joto.

Siku ya pili jioni, mshahara wa mwezi mmoja ukaingia. Wiki hiyo hiyo mwalimu na kiongozi wa nyimbo wakapewa tikiti za Nairobi. Dai ndiye aliyezunguka vyumbani kuwachangishia, na yule mtema mate alitoa bila kuangalia mtu usoni.

Mimi nasema bila kelele za uani, meneja angeleta daktari, si mshahara. Dai hakukubali kamwe. Tulibishana jikoni mpaka mkataba wake ukaisha, naye akishikilia kwamba wale wawili waliponzwa bure na sauti zetu.