Siku moja na programu inayovuja memori

Saa 2:00 asubuhi. Mwenzangu wa zamu ya usiku ananisubiri mlangoni: seva imekufa tena. Logi za Linux zinasema wazi kwamba memori iliisha, kernel, kiini cha mfumo huo, ikaiua programu yetu. Ni programu ya lugha ya C inayopokea taarifa za mahali malori yalipo, na walioiandika wameshaondoka wote.

Saa 3:00. Nachora grafu ya memori ya wiki nzima. Memori kupanda baada ya programu kuwashwa si hoja, mradi mbele ya safari itulie. Hii haitulii: inavuja, yaani inaomba memori bila kuirudisha. Mchana inapanda kwa kasi, usiku malori yakiegeshwa inapanda kidogo tu. Basi kinachovuja kinafuata ujumbe unaoingia.

Saa 4:00. Valgrind, zana ya kutafuta makosa ya memori. Inakagua kila memori inapoguswa, na programu inakwenda polepole mara 20 hadi 30, kwa hiyo chai na chapati zimepata nafasi. Jibu: hakuna kilichopotea. Bosi anapita, anashauri tuwe tunaizima na kuiwasha kila usiku. Wengi hufanya hivyo, mpaka malori yaongezeke na memori iishe kabla ya usiku wenyewe. Namwomba anipe hadi jioni.

Saa 6:00 mchana. Ujumbe wetu wa majaribio nilioipa Valgrind wote ni mzima, wakati barabarani mtandao hukatika na ujumbe ukafika nusu. Naikompaili programu upya kwa -fsanitize=address, chaguo linaloiongezea programu ukaguzi wa memori, naipa ujumbe halisi uliorekodiwa, mbovu na mzima. Nikiizima, ripoti inafurika. Ina mtego wake, lakini: inakuonyesha mstari ambapo malloc (amri ya kuomba memori) iliomba memori, haikuonyeshi mahali free (amri ya kuiachilia) ilipopaswa kuwepo. Hapo unasoma kodi, yaani maandishi ya programu, mwenyewe, njia moja baada ya nyingine. Ujumbe ukiwa mzima, bafa (kipande cha memori kinachoushika) inaachiliwa. Ukiwa mbovu, fanksheni inarudisha -1, ishara ya kosa, na kuondoka zake bila kuiachilia. Ujumbe unaofuata unaomba bafa mpya, pointa (anwani ya bafa) inaandikwa juu ya ile ya kwanza, na bafa ya zamani haifikiki tena na mtu yeyote.

Saa 8:00. Kijana wa mafunzo anauliza, "Dada, si tuongeze free tu hapo?" Tunaongeza. Lori la kwanza kukata mawasiliano linaiangusha programu: kodi ya kufunga mawasiliano nayo inaachilia bafa ileile, kwa hiyo imeachiliwa mara mbili. Dawa ni kuiweka pointa iwe NULL, yaani isielekeze popote, mara tu baada ya free, maana free ya NULL haifanyi kitu, kwa mujibu wa kanuni za C. Njia zote za kutokea kwenye fanksheni nazipeleka mahali pamoja kwa goto, amri ya kuruka hadi mstari mwingine. Walimu huichukia goto. Kernel ya Linux imejaa goto za namna hii.

Saa 10:00. Ripoti ni tupu. Tunajaribu toleo la kawaida, kijana hajaridhika: "Mbona ujumbe umekwisha na memori haijashuka?" glibc, maktaba ya C inayogawa memori, haina haraka ya kuirudishia Linux memori iliyoachiliwa, kama mama ntilie asiyerudisha sahani kabatini wakati wateja wengine wako njiani. Ukitaka unaweza kuisukuma kwa amri ya malloc_trim. Sisi tunachotafuta ni mstari wa grafu uliolala, usioendelea kupanda.

Saa 12:00 jioni. Toleo jipya liko kwenye seva moja, la zamani kwenye nyingine, malori yamegawanywa nusu kwa nusu. Bosi anauliza kama aandike kwamba tatizo limekwisha. Namwambia aandike linaangaliwa.